Askari Tusiowahesabu

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, na ulikuwa mfupi kuliko sala ya chakula iliyoufuata. Alizaliwa, akasoma, akajifunza ufundi wa meno ya bandia, akafanya kazi Embu, akarudi kwao Meru akafungua karakana yake, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akalala. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa ya hema, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulizama matopeni kila nilipojisogeza, nikingoja wafike mwaka wangu. "Akafanya kazi Embu," mpwa akasoma, akameza mate, akaendelea na Meru. Mwaka wangu mzima ulipita kati ya sentensi hizo mbili na hakuna aliyegeuza shingo. Siwalaumu. Wasifu wa mazishi huandikwa na waliobaki, na mimi sikubaki. Lakini sasa nina miaka hamsini na miwili, nimezika watu wa kutosha, na nimechoka kuona mambo makubwa yakifukiwa bila hata kutajwa. Kwa hivyo nitautaja mwaka ule mimi mwenyewe. Sitaanza na kwetu wala na wazazi wangu. Hao wana hadithi zao na hawajanituma. Nitaanza na chumba.

Chumba kilikuwa Embu mjini, nyuma ya safu ya maduka yanayotazama soko, na pazia moja lilikigawa mara mbili. Mbele palikuwa na kiti cha wateja, kioo, na picha ya mwanamke anayecheka iliyokatwa kwenye kalenda. Nyuma ya pazia ndipo kazi ilipofanyika. Palikuwa na benchi refu lenye alama nyeusi za taa ya spiriti, stovu ya mafuta ya taa iliyobeba sufuria ya kuchemshia ile plastiki ya waridi inayotengenezewa ufizi, na rafu tatu zilizojaa taya za plasta, kila taya na jina la mwenyewe kwa penseli. Ukiingia mara ya kwanza ungedhani umeingia katikati ya mkutano wa watu wanaokucheka. Palinuka nta, minti na mafuta ya taa, na hadi leo nikiipata harufu hiyo kwa daktari yeyote wa meno hukawia mlangoni, na si kwa kuogopa koleo. Mwenye karakana aliitwa Kinoti, mtu wa Meru, wa huko juu ya Nkubu, mwembamba, mpole, mwenye vumbi la plasta kwenye nyusi mwaka mzima. Alinizidi miaka tisa. Nilikuja kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili, nijifunze kazi, nikamwita Fundi siku ya kwanza, na sikuwahi kumwita jina lingine mbele ya uso wake.

Askari wetu wa kuchezea waliingia katika maisha yetu kwa njia ya mgeni. Daktari mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyekuwa akimletea Fundi kazi za hospitali, alikuwa amemfundisha mchezo wa vita vya mezani. Unaweka meza, unatengeneza milima na mito juu yake, unapanga jeshi lako la watu wadogo wasiozidi kidole gumba, na mwenzako anapanga lake upande wa pili. Wanatembea kwa kipimo cha futikamba, na dadu ndiyo inayosema nani ameanguka. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliwacheka wote wawili, watu wazima wenye ndevu. Daktari alipomaliza muda wake akamwachia Fundi kijitabu cha kanuni, na baada ya miezi michache akamwandikia barua: marafiki zake waliobaki Kenya hufanya maonyesho ya mchezo huo kila mwaka, na mwaka huu wangeyafanya Meru mjini, mwezi wa Agosti, katika ukumbi wa kanisa. Mtu yeyote angeweza kuja na jeshi la zamani la watu sitini, mradi amelipaka rangi kwa mkono wake.

Fundi alinisomea barua ile mara mbili, tukinywa chai. "Wawira," akaniambia, "hapo kutakuwa na Warumi, na Wagiriki, na Wamisri. Hakutakuwa na mtu hata mmoja wa huku mlimani. Kwani sisi hatukuwa na vita?"

"Tulikuwa navyo. Nyinyi watu wa Meru mlikuwa mnakuja kutuibia ng'ombe sisi wa Embu."

"Ni nyinyi mlikuwa mnaiba. Sisi tulikuwa tunakuja kuzirudisha," akasema, na uso wake haukucheka hata kidogo, ila masikio yalisogea. Ndivyo alivyokuwa akicheka.

Tulianza mvua za Aprili zilipoanza. Fundi alichonga shujaa wa kwanza kwa nta, kwa kisu kile kile cha kuchongea meno, akampa mkuki, ngao na goti lililokunjwa kama mtu anayetaka kuondoka. Akachonga na wengine wachache, kila mmoja na umbo lake, akatengeneza kalibu za plasta, na humo tukamimina mabaki ya plastiki ya ufizi ambayo vinginevyo tungetupa. Mashujaa wetu wakatoka rangi ya waridi, jeshi zima la ufizi, na ilibidi tukae kwanza tucheke mpaka mteja aliyekuwa mbele ya pazia akauliza kama ni yeye tunayemcheka. Rangi tulizitafuta kama kuku anavyotafuta. Kahawia tuliomba kwa mwandika mabango, nyekundu ya ngao ilikuwa rangi yangu ya kucha, na brashi nilizifunga mwenyewe kwa uzi, nywele chache za sikio la mbuzi kwenye kijiti. Julai Embu ni baridi na manyunyu yasiyoisha, rangi haikauki, kwa hivyo tuliwapanga kuizunguka stovu, wanaume wadogo waliokuja kuota moto, na sisi wawili juu yao tukiota moto ule ule.

Kazi ya macho ilikuwa yangu. Fundi angeweza kuchonga jino la mbele huku akizungumza na mtu, lakini nukta ndogo namna ile zilimshinda, akaniachia. Nilikuwa nikivuta pumzi, nikaishika, nikagusa nukta nyeupe, nikangoja, kisha nikagusa nyeusi juu yake kwa ncha ya sindano. Nikiinua kichwa namkuta Fundi upande wa pili wa benchi naye ameshika pumzi, uso wake karibu na wangu kama mtu anayesoma gazeti la jirani. Tukaachia pamoja. Sijui kama mnanielewa. Nimeolewa, nimezaa, nimependwa vizuri na mtu mwema, lakini hakuna mwingine aliyewahi kunishikia pumzi.

Jumamosi alasiri, wateja wakishaisha, Cucu Igoki, tuliyemwita hivyo kama nyanya yetu, alikuja na sufuria. Ndiye aliyekuwa mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, mjane wa kutoka Ishiara, na chumba chake kilitazama mlango wetu wa nyuma, jambo ambalo hakuliona kuwa la bahati mbaya. Alileta githeri ya mahindi iliyochanganywa na ndengu, au nduma na chai, na tulikula sote watatu kutoka sufuria ile ile kwa vijiko vya kukorogea plasta, vilivyooshwa ninavyotumaini. Siku moja alinikuta nikiwagusa askari mmoja mmoja kwa mpini wa brashi, nikisema kumi na moja, kumi na mbili. Akanichapa kifundo cha mkono kwa mwiko.

"Wee mwana wakwa, mwanangu, unahesabu watu?"

"Ni vidoli tu, Cucu."

Aliinama akawatazama kwa karibu. "Hawa wako na macho?"

"Wako nayo. Nimewatia jana."

"Basi ni watu. Kitu iko na macho haihesabiwi kama viazi. Ukishasema ni wangapi, yule wa kuchukua amesikia, anaanza kuchukua. Hata kanisani si mlisomewa ile ya mfalme alihesabu watu wake, mkaona vile ilienda?"

Nilimtazama Fundi anisaidie, kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma vitabu na nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu. "Ni kweli," akasema. "Hata kwetu nyanya yangu, ukimuuliza watoto ni wangapi, alikuwa anajibu tu: wako."

Basi tukaacha kuhesabu. Wafugaji wa kule Ishiara, Cucu alituambia, hawahesabu mbuzi jioni. Wanawatazama wakiingia, na akikosekana mmoja wanajua ni yupi kabla ya kujua ni wangapi waliobaki. Nasi tukafanya hivyo. Kila jioni, kabla ya kuwalaza kwenye maboksi ya viatu yenye pamba, tuliwatazama nyuso. Fundi alikuwa akiita na mimi nikiitika kwa niaba yao. Mnene yupo. Mwenye Kovu yupo. Aliyesahau Mkuki yupo. Anayetaka Kwenda Nyumbani yupo, amejificha nyuma ya Mnene kama kawaida. Walikuwa na vifundo dhaifu vya miguu na mara moja moja mmoja alivunjika, na kila aliyevunjika tulimmiminia mwingine wa kuchukua nafasi yake. Kisha Fundi, ambaye riziki yake ilikuwa kuunganisha vilivyovunjika, alimwonea huruma yule wa kwanza, akamwekea mguu mpya, akamrudisha jeshini. Mnaona tatizo lilipoanzia. Sisi hatukuliona. Tulikuwa tumeambiwa wawe sitini, na moyoni tulijua wapo.

Sasa niseme lililokuwa likinisumbua mimi, maana nimeliahirisha vya kutosha. Nilikuwa nikimpenda Fundi. Sikumpenda kwa siri ya maana, kwani Cucu alijua, na nadhani hata taya za rafuni zilijua. Kazi ya meno nilikuwa nimeshaijua kufikia mwezi wa sita, na ningeweza kwenda kutafuta karakana nyingine inayolipa vizuri zaidi. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nangoja aniambie nibaki. Nilitaka neno moja, hata lisilo zuri, hata lililosemwa kwa kupitia kitu kingine. Alinipa kiti kilichokuwa karibu na moto. Alinibakishia nyama kwenye githeri, na akidhani simwoni, alisogeza taa iwe upande wangu. Neno lenyewe hakulitoa.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni kununua uzi nikawasikia yeye na Cucu nyuma ya pazia. Nilisimama na uzi wangu mkononi. Kusikiliza mlangoni si tabia nzuri, lakini waliokataza jambo hilo hawakuwa na miaka ishirini na miwili.

"Huyu msichana anangoja nini hapa?" Cucu alikuwa akiuliza.

"Anajifunza kazi, Cucu."

"Kazi inajifunzwa na mikono. Huyu ananiuliza kila asubuhi kama umekula. Hiyo nayo ni somo gani?"

Nikasikia kisu kikikwaruza nta. "Cucu," Fundi akasema mwishowe, "mimi ni fundi wake."

"Na mimi nimeuliza wewe ni nani wake?" Cucu akajibu, akatoka kwa mlango wa nyuma akiguna. Mimi nilizunguka duka zima nikaingia upya kwa kelele, nikiimba.

Tulikwenda Meru alfajiri kwa pikapu ya miraa iliyokuwa ikirudi tupu, mimi na Fundi mbele na dereva, maboksi ya viatu magotini. Dereva alipiga kona za Nithi kwa mwendo wa mtu ambaye mzigo wake umezoea haraka, na Fundi alimwomba mara tatu, kwa adabu, apunguze, kuna watu ndani ya boksi. Mara ya tatu dereva alitutazama vizuri kisha akapunguza kweli. Nilikuwa nimevaa sketi ya kijani niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Niliamua kwamba tukishinda, au tukishindwa vibaya, kwa vyovyote patakuwa na wakati wa kuchekana au kupongezana, na ndani ya wakati huo Fundi atasema. Nilikuwa nimempangia hata sehemu ya kusimama.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa meza, na juu ya kila meza palikuwa na nchi. Sijawahi kusahau. Palikuwa na jangwa la mchanga wa kweli, na mto uliotengenezwa kwa gundi iliyokauka ikang'aa, na ngome ya maboksi ya dawa ya meno ambayo, nikiisogelea, niliona hata moshi wa pamba ukitoka kwenye bomba. Wanaume wa ofisini wa Nairobi na Meru, Wazungu wachache kutoka Nanyuki, wanafunzi wa chuo, wote walikuwa wameinama na futikamba zao, wakinong'ona kama watu walio kwa mgonjwa. Mpinzani wetu alikuwa mhasibu kutoka Nairobi mwenye Warumi waliovaa majoho mekundu. Alikuwa mtu mzuri. Alituamkia, akawatazama mashujaa wetu wakitoka kwenye pamba mmoja mmoja, akasema polepole, "Hawa sijawahi kupigana nao."

Kabla ya kucheza kila jeshi liliandikishwa. Mwandikishaji aliitwa Mwenda, kijana wa Meru aliyevaa tai, mchangamfu. Aliangalia karatasi yetu iliyosema sitini, akaangalia meza, akanyoosha kalamu. Nilimwona Fundi akishtuka kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto. Mwenda naye alimwona, na nadhani alielewa, kwa sababu alishusha sauti na kuhesabu kwa midomo tu. Alipofika mwisho akarudia.

"Ni sitini na tatu, ndugu yangu. Toeni watatu tuendelee."

Fundi alitazama jeshi lake. "Nitoe nani?"

"Yeyote tu. Hata hawa wa nyuma."

"Hapa hakuna yeyote. Hawa wote wako na majina."

Watu wa meza za jirani waliinua vichwa. Mhasibu wa Warumi akasema kwa upole kwamba yeye hajali, wapigane tu sitini na tatu kwa sitini. Lakini Mwenda akasema kanuni ni kanuni, akimruhusu mmoja atawaruhusu wote. Nilimsogelea Fundi. Mimi nilikuwa tayari kutoa, na nitakiri kwamba nilikuwa tayari kutoa hata kumi, ili siku yangu isiharibike. "Fundi, tumtoe Aliyesahau Mkuki," nilinong'ona. "Hana hata silaha."

Alinigeukia. "Wewe ndiye umemtia macho," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa akinikumbusha tu, kama mtu anavyokumbushwa jina la mtoto wake.

Basi hatukucheza. Mwenda, kwa huruma, alitupa meza ndogo karibu na mlango, pale chai ilipowekwa, tuwaonyeshe tu. Tulikaa pale siku nzima tukila mandazi. Warumi walipewa mpinzani mwingine wakampiga kabla ya saa sita. Na kwa kuwa kila aliyetaka chai alipita kwetu, kila aliyepita aliinama, na walioinama walikawia. Ningeweza kuwaambieni kwamba nilikuwa na furaha tu. Nilikuwa na huzuni ya sketi mpya, na furaha pia, zote mbili, na Fundi alikuwa ameketi kando yangu magoti yetu yakigusana chini ya meza, na hakuliondoa lake.

Alasiri akaja mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliivaa, akainama, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Alijitambulisha kama Madam Achieng', akasema ana karakana Nairobi inayotengeneza watu wadogo wa maonyesho, vijiji na masoko na vita vya zamani, kwa ajili ya makumbusho na shule. Anatafuta mkono wa kupaka rangi na hajaupata. "Nani amefanya haya macho?" akauliza. "Huyu hapa analia. Mnaona? Mtu amempaka akalia."

Alikuwa akimtazama Fundi alipouliza, maana watu hudhani hivyo. Fundi angeweza kunyamaza. Angeweza kusema tulifanya pamoja, na isingekuwa uongo. "Si mimi, Madam," akasema, akanyoosha mkono kunielekea. "Ni huyu. Anaitwa Wawira. Mimi sijui kutia macho."

Nilipewa kazi pale pale, na chumba cha kulala, nianze mwezi ujao. Nilimgeukia Fundi, na uso wangu wote ulikuwa swali, kipofu angeliona. Alikuwa akikunja kipande cha pamba kwa vidole. "Ni nafasi nzuri," akasema. "Mtu haikatai."

Nimeifikiria siku ile kwa miaka mingi. Laiti tungewahesabu, kama watu wowote wenye akili ya kawaida, tungekuwa sitini, tungecheza, Warumi wangetumaliza kabla ya chakula cha mchana, na jioni tungekuwa Embu tukichekana. Hakuna aliyekuwa ameinama kutazama macho kwenye zile meza za vita. Walikuwa wakitazama dadu. Tulikataa kuhesabu ili mtu asichukuliwe, na aliyechukuliwa ni mimi.

Wiki zile za mwisho tulifanya kazi nyingi na kuongea kidogo. Jumamosi ya kabla sijaondoka Fundi aliniita mbele ya pazia, akaniambia niketi kwenye kiti cha wateja. Mwaka mzima sikuwahi kukikalia. Alisema anataka kuchukua umbo la meno yangu, abaki nalo kama mfano, kwa sababu yule mwanamke wa kalenda hamsaidii. Akanitazama mdomoni kwa kioo kile kidogo. Chonge langu la kushoto limempanda jirani yake kidogo, na nilimwambia hilo asilichukue, ni baya. "Hilo ndilo nataka," akasema. "Na usiwahi kukubali mtu alinyooshe. Meno ikinyooka sana inakaa ya uwongo." Kisha akakoroga ule uji mzito wa waridi wenye minti, akaujaza kwenye kitrei cha chuma, akanisukumia mdomoni, akakishika kwa vidole viwili. Ukishawekewa kitu kile hukitoi mpaka kigande, na huwezi kusema hata a. Huwa ni dakika chache tu. Nilikuwa nimewashikia wateja wengi kama vile, na kila mara niliwapigia hadithi wasitapike.

Hakunipigia hadithi. Alisimama nyuma yangu kidogo, ambapo sikuweza kumwona isipokuwa mkono wake. "Wawira," akasema, "nataka kusema kitu na nimengoja mpaka huwezi kunijibu. Nilitaka kukuomba ubaki. Si leo. Tangu ile mvua ya Aprili. Lakini ulikuja hapa kufunzwa kazi, na mtu akikuamini umfunze, huwezi tena kumgeukia umdai moyo. Na najua nikikuomba utakubali. Hiyo ndiyo naogopa. Utakaa hapa uchemshe ufizi ya wazee mpaka uzeeke, na mimi kila siku nitakuwa nakuona ukitia macho vitu hakuna mtu anaona. Sasa nimesema. Usinijibu."

Machozi yalinitoka, yakakutana na mate, nikawa mchafu kama mtoto mchanga, na mkono wake haukuondoka kwenye taya langu. Nilitoa sauti. Ilikuwa ndiyo, ilikuwa nibakishe, ilikuwa kila kitu, lakini kwa aliyekuwa akisikia ilikuwa tu sauti ya mtu aliyejaziwa mdomo. Alitoa kitrei kwa mvuto mmoja wa upole, akakiinua mwangani. "Limetoka vizuri," akasema. Nikasukutua. Maji yalipoisha mdomoni nilikuwa huru kusema lolote duniani, na nikatii. Hilo ndilo kosa ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa nimezoea kumtii. Nikasema, "Asante, Fundi," nikaenda kufunga mizigo, na Jumatatu nikaondoka. Askari walibaki kwake. Sikuwahi kuuliza walikoishia.

Madam Achieng' alinifundisha mengi, na maisha yangu yamekuwa mazuri, nisikufuru. Nimetia macho maelfu ya watu. Lakini niliposoma tangazo la kifo cha Kinoti kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Embu, nililia jikoni kwangu mpaka mume wangu akauliza ni ndugu yetu yupi, na sikujua nimpe jina gani.

Baada ya maziko tulipangwa kwa chakula. Nilipata wali, kabichi na mchuzi, nikaketi meza ya mwisho kando ya mama mmoja mzee wa pale kijijini, mwenye kilemba cheupe. Alikuwa akimwambia jirani yake jambo kuhusu mvua iliyokataa mahindi, kisha akacheka, na kijiko changu kikabaki hewani. Nilikuwa nikitazama mdomo wangu. Yalikuwa meno yangu, upana wake na mkunjo wake, na chonge la kushoto lilikuwa limempanda jirani yake kidogo.

"Meno yako ni mazuri, mama," nilisema.

"Ni ya Kinoti hii, Mungu amlaze," akasema kwa fahari, akaligusa lile chonge kwa ukucha. "Nilimwambia hapa pamekaa vibaya, anyooshe. Mtu mpole vile, na siku hiyo akanikasirikia. Akasema hapo hapaguswi. Na si mimi peke yangu." Akanionyesha kwa kidevu meza ya wanawake wazee iliyokuwa mbele yetu. "Hawa wote aliwawekea namna hiyo hiyo. Huku kwetu ukiona mama mzee anacheka, ujue ni hivyo anacheka."

Niliwatazama. Walikuwa wakila, wakiongea midomo ikiwa wazi, na mmoja wao akatupa kichwa nyuma akacheka kwa nguvu katikati ya matanga.

"Na wewe," mama akaniuliza, "ulikuwa nani wake?"

Niliufunika mdomo wangu kwa kiganja kabla ya kumjibu, asiyaone. "Alinifundisha kazi," nikasema.